Bibi Chiku na Kilichokuwa Tumboni Mwangu

Watu wa Mjimwema ukiwauliza Chiku ni nani, watakwambia ni yule bibi Myao anayekanda viungo. Ni kweli anakanda. Lakini mimi naijua kazi yake nyingine, kwa sababu aliifanya kwangu. Wakwe zangu walinivua jina la mke mwema wakanivika la malaya, na binti yangu wa miaka kumi na mmoja wakamfundisha kunitazama hivyo. Chiku ndiye aliyelirudisha jina langu, tena kwenye uwanja uleule nilikovuliwa. Walioninyang'anya bado wanaishi Majengo, na habari hii wanaisimulia wapendavyo. Mimi nitaisimulia ilivyokuwa.

Sikusoma shule. Baba yangu alisema shule ni ya kaka zangu, na kuandika nimejifunza ukubwani, kwenye darasa la parokia, miongoni mwa akina mama wenzangu wenye mikono ya jembe. Mtu asitafute hapa maneno makubwa.

Chiku alizaliwa Namasakata, kule Tunduru, katika nyumba iliyozungukwa na mikorosho. Naye hakukanyaga darasa. Alikuwa na mdogo wake mmoja, Zuhra, waliyelala naye mkeka mmoja mpaka Zuhra alipoolewa akiwa na miaka kumi na saba. Mwezi wa tatu wa ndoa, Zuhra akaanza kulalamika tumbo. Wakampeleka zahanati. Mganga akamuuliza, "Wapi panauma?" Zuhra akasema tumbo. Akaulizwa tena, akasema tumbo. Akapewa dawa ya minyoo. Siku ya tatu akafariki.

Wanawake walioitwa kumwosha maiti walikuwa watatu, Chiku mmoja wao. Maji yalipopita kwenye kinena, mkono wake ukakutana na kitu cha mviringo, kigumu, ukubwa wa yai la kuku. Ilikuwa ngiri. Utumbo ulikuwa umetoka mahali pake ukajinyonga pale. Zuhra alikijua kitu kile, kwa sababu walimkuta amefunga kitambaa kiunoni kukikandamiza. Ila mganga alikuwa mwanamume, na mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, na neno kinena Zuhra hakuwahi kulisikia likitamkwa na mwanamke mbele ya watu.

"Mdogo wangu aliuawa na haya," Chiku aliniambia. Alilisema hilo huku akipeta choroko, wala hakuinua uso.

Baada ya arobaini ya Zuhra, Chiku alikwenda kuomba kazi ya kufagia kwenye zahanati ya masista. Alifagia miaka tisa. Alikuwa anafagia polepole, hasa kwenye chumba cha wazazi, na kila alichokiona aliuliza. Sista, hii mnaiitaje? Na hii? Masista wengine walimfukuza, lakini mmoja mzee alimpenda, akawa anamshika mkono na kuuweka juu ya matumbo ya wajawazito. "Hapa ni nini, Chiku?" "Kichwa, sista." "Na hapa?" "Makalio." Mpaka mwisho wauguzi wapya walipokuwa na shaka walimwita mfagiaji.

Alipofiwa na mume, mwanawe Hassani akamleta Songea, maana Hassani alikuwa na meza ya korosho sokoni. Wakapanga Mjimwema. Chiku akatandika mkeka barazani, akaweka chupa ya mafuta ya mbarika, na watu wakaanza kuja.

Ukandaji wake ulikuwa na sharti moja. Kila mahali anapogusa anapataja kwa jina, na wewe unarudia. Usiporudia, mkono unasimama. Nimemwona akimfanyia hivyo hadi mzee Saimon, fundi baiskeli, mtu anayeheshimika mtaani, aliyekuja anachechemea.

"Hii ni pia ya goti," Chiku alimwambia, akiizungusha ile pia chini ya ngozi kwa vidole viwili. "Sema."

"Bibi, mimi nimekuja kukandwa. Shule niliikimbia nikiwa darasa la tatu."

"Leo imekukamata. Sema."

"Pia ya goti."

"Na hiki cha chini?"

"Kifundo."

"Cha nini? Cha kamba?"

"Cha mguu, mwalimu!"

Wanawake waliokuwa wanangoja zamu wakacheka. Chiku akampaka mafuta, akamkanda mpaka jasho likamtoka. Alipomaliza akamwinamia karibu na sikio, lakini sauti hakuipunguza sana. "Kuna mviringo mwingine, mzee wangu, ambao si kazi yangu kuushika. Ndio unaokuchechemesha. Ule unaitwa korodani, na likijaa maji linaitwa busha. Nenda kwa daktari ukamtajie hivyohivyo. Usije ukamwambia tumbo."

Mzee Saimon aliondoka bila kuaga. Wiki ile ile tukasikia yuko hospitalini, na aliporudi alimletea Chiku jogoo, akamwacha mlangoni akapita haraka. Hakumtazama mtu.

Sasa nije kwangu.

Mume wangu Polikarp alikwenda Msumbiji kupasua mbao, akakaa miezi kumi na minne. Aliniacha Majengo na mama yake, Mama Lidwina, na binti yetu Jane. Hawakuwa watu wabaya kwangu mwanzoni, hilo nalikubali. Mama Lidwina alikuwa mkunga wa mtaa. Alikuwa na kawaida ya kusema amewapokea watoto arobaini na zaidi kwa mikono yake, na mmoja wao alikuwa Jane.

Mwaka ule tumbo langu likaanza kukua. Nilikuwa nasikia kitu kizito chini ya kitovu, kama mtu ameniwekea jiwe la kusagia. Tena kila mwezi nilikwenda damu, na si damu ya kawaida. Ilitoka mabonge, siku nane, siku kumi. Nilikuwa naamka alfajiri kufua vitambaa kabla ya Mama Lidwina hajafungua mlango, na kuvianika nyuma ya stoo ya mahindi. Kwetu mkwe hamwambii mama mkwe habari za damu yake. Humwambia dada wa mume, na Polikarp hakuwa na dada.

Polikarp akarudi mwezi wa tano, tunavuna mahindi. Alinikumbatia, kisha akaniachia. Nakumbuka mikono yake ilivyoshuka. Alikwenda kwa mama yake.

Mama Lidwina akanilaza kitandani kwangu. Akanikandamiza tumbo kwa viganja viwili, pembeni na juu, akafumba macho kama anavyofanya kwa wazazi. Halafu akafunga kitenge chake vizuri shingoni. Alikuwa na kitenge cha shingoni siku zote, hata jua likiwaka.

"Miezi mitano," akasema.

Jumapili baada ya misa wakaitisha kikao uwanjani. Mwenyekiti alikuwa baba mdogo Yohanes, ndugu wa marehemu baba mkwe. Nilikaa chini juu ya jamvi, na Jane alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Mama Jane," baba mdogo akaanza, "hicho tumboni ni nini?"

"Sijui, baba."

"Mtu mzima hujui kilicho tumboni mwako?"

"Kweli sijui."

"Sisi tunajua," akasema Mama Lidwina. "Tunachouliza ni cha nani."

Lilikuwepo neno moja ambalo lingeniokoa. Ningesema, damu inanitoka kila mwezi, mnitazame wanawake. Mwenye mimba hatoki mabonge kila mwezi, na Mama Lidwina angelazimika kufikiri upya. Lakini kulisema neno lile mbele ya baba mdogo, kwa sisi tuliolelewa Kingoni, ni sawa na kusimama uwanjani na kuvua nguo. Nililitafuta lije na nguo yake, neno lenye adabu kidogo, sikulipata. Nikanyamaza. Wakaniangalia nilivyonyamaza, wakaona nimekiri.

Nilitoka na mfuko mmoja. Jane hakunisindikiza. Bibi yake alikuwa amemshika bega.

Nikapanga chumba Mjimwema, nikawa nakaanga mihogo asubuhi na kufua nguo za watu mchana. Miezi minne ikapita, mtoto waliyemhesabu hakuja. Ikapita sita. Majengo wakasema nimemtupa. Lakini tumbo lilikuwa palepale, limezidi, kila mtu analiona, kwa hiyo wakahitaji maelezo mengine. Mama Lidwina akayatoa. Alisema mtoto amelala mgongoni, aibu ya mama yake imemzuia kutoka. Na mimi, nitaficha nini, nilianza kuamini nusu. Tumesikia tangu utoto kwamba mimba inaweza kuhamia mgongoni ikakaa miaka. Nilikuwa nalala kifudifudi nikijiuliza kama kweli kuna mtu ndani yangu aliyekataa kuzaliwa, na nilikuwa nimempata kwa nani.

Jane nilikuwa namwona akipita na wenzake kutoka shule. Siku moja nilimwita. Aliangalia tumbo langu, akahamia upande wa pili wa barabara. Siku ile sikukaanga mihogo.

Na Chiku tulipanga nyumba moja, yeye upande wa mbele na mimi uani. Karibu mwaka mzima nilimsalimia tu, shikamoo, nikapita. Nilikuwa namwogopa kwa ajili ya majina yake. Lakini asubuhi moja nilianguka bombani na ndoo kichwani. Nilikuwa nimekwenda damu siku ya kumi na mbili. Nilipofungua macho nilikuwa kwenye mkeka wake, na wateja wote amewafukuza.

"Hili tumbo lina muda gani?"

"Mwaka na nusu, bibi."

"Na damu?"

Nikageuza uso ukutani. Akaugeuza tena kwa kidole.

"Mwanangu, mimi nimemwosha mdogo wangu. Nijibu."

Nikamjibu. Yote. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote kuyasikia. Akapasha mikono moto kwa kuisugua, akaanza kushika. Hakufumba macho kama mama mkwe. Aliyafumbua, ananitazama usoni, anaongea kama mtu anayechagua viazi sokoni.

"Mtoto ana miviringo miwili. Kichwa, na makalio. Kichwa ni kigumu, ukikisukuma kidogo kinacheza, kinarudi. Makalio ni laini, ukiyasukuma yanakwenda na mwili mzima. Katikati kuna mgongo, kama upinde. Lete mkono wako. Zungusha. Umekutana na mgongo?"

"Hapana."

"Umeona kichwa?"

"Hapana, bibi."

"Hiki ni kimoja tu, na vinundu vyake. Ni boga. Sasa sema kiko wapi."

"Tumboni."

Akanipiga kofi dogo mkononi. "Zuhra naye alisema tumboni."

"Kwenye... kwenye mji wa mimba."

"Kuna nini kwenye mji wa mimba?"

"Uvimbe."

"Sema yote pamoja. Utamwambia daktari, na daktari ni kijana wa juzi, ataona haya kuliko wewe."

Nikaanza kulia. Akauliza nalia nini wakati ugonjwa wenyewe umejulikana. Nikamwambia, "Mama mkwe naye ana mikono, bibi. Alinishika hivihivi, palepale. Kwa nini hakuona?"

Chiku akafuta mafuta viganjani. "Mwanawe alikuwa amesimama nje ya mlango anangoja jibu," akasema. "Mimi hakuna anayeningoja."

Hospitalini daktari aliuliza shida ni nini, kalamu iko tayari. Nikasema kama nilivyofundishwa, kwamba mji wangu wa mimba una uvimbe, na damu inatoka mabonge siku kumi na zaidi kila mwezi. Akaacha kuandika, akainua kichwa. Chiku alikuwa amekaa nyuma yangu, nikamsikia anakohoa kwa furaha. Wakanipiga picha ya tumbo, wakanionyesha kivuli cha duara, kikubwa, na vingine vidogo pembeni yake kama vifaranga. Wakanipangia siku.

Nilipokuwa chumba cha upasuaji, nesi alitoka na ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko. Akawauliza ndugu: kipande kimekatwa kwenda maabara, hiki kilichobaki mnachukua au tukiteketeze? Ndugu aliyekuwepo alikuwa Chiku peke yake.

"Kina uzito gani?" akauliza.

"Kilo tatu na nusu."

"Tunachukua," akasema. "Kina wenyewe."

Yaliyofuata sikuyaona, nilikuwa kitandani sijitambui. Nimeyasikia kwa Chiku, kwa Jane, na kwa majirani wawili wa Majengo, na wote wanakubaliana.

Chiku alipanda bodaboda na ndoo mapajani, ameifunika kanga, mpaka Majengo. Ilikuwa alasiri ya Alhamisi. Mama Lidwina alikuwa uwanjani anapukuchua mahindi, Polikarp na baba mdogo Yohanes wamekaa kwenye benchi, na Jane ametoka shule, yuko bado na sare. Chiku akaingia, akaweka ndoo katikati ya uwanja, akajifunga kanga kiunoni, akaketi chini mavumbini.

"Hodi Wangoni! Nimewaletea msiba!"

Wayao na Wangoni ni watani tangu mababu walipopigana wakachoka. Mtani akija kwako na msiba, humfukuzi, na atakalosema unalimeza. Mama Lidwina hakumjua, lakini kwa lafudhi alimtambua ni Myao, akadhani ni mizaha ya kawaida.

"Msiba wa nani, we mla panya? Panya wako amekufa?"

"Wa mjukuu wako, mtani. Yule uliyemhesabu miezi mitano. Amezaliwa leo, kilo tatu na nusu. Njoo umpokee, mkunga wa watoto arobaini."

Punje za mahindi zikaacha kudondoka.

Baba mdogo Yohanes akasimama. "Mama, chukua kitu chako uondoke hapa."

"Mngoni gani wewe unayefukuza mtani msibani? Babu zako walikuwa wakikimbiza watu kwa mikuki. Wewe unakimbia ndoo?"

Majirani walikuwa wameshasogea kwenye uzio wa matete. Wakacheka. Baba mdogo akakaa, maana kumtoa mtani kwa nguvu kungekuwa aibu ya ukoo mpaka kwa wajukuu.

Chiku akamgeukia Jane. "Wewe ndiye Jane? Kondo lako la nyuma lilizikwa wapi?"

Jane akaonyesha migomba nyuma ya nyumba.

"Alilizika nani?"

"Mimi," akasema Mama Lidwina. "Ndiyo desturi yetu. Kinachotoka tumboni mwa mkwe, mama mkwe hukitazama kama kimekamilika, halafu hukizika nyumbani kwa mwanawe."

"Umesema vizuri sana, mtani. Sina la kuongeza. Kitazame."

Akafunua mfuniko.

Hapa Jane anasema alidhani bibi yake atakimbilia ndani. Hakukimbia. Alikuja akachungulia. Kisha akaagiza maji, akanawa mikono mpaka viwiko, akapiga magoti, akaingiza mikono yote miwili ndani ya ndoo. Akakizungusha kile kitu. Akakizungusha tena. "Mama, alikuwa anatafuta kichwa," Jane aliniambia. "Alitafuta muda mrefu."

Chiku hakutania tena. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsaidia mwenzake kazi.

"Kina kichwa?"

"Hakina."

"Mgongo?"

"Hakina."

"Kitovu?"

"Hakina."

"Basi kitaje, mjukuu asikie."

Mama Lidwina akamtazama baba mdogo Yohanes. Neno lile alikuwa hajawahi kulitaja mbele yake maisha yake yote, naye ni shemeji yake wa miaka arobaini. Baba mdogo alikuwa anaangalia miguu yake.

"Ni uvimbe," akasema.

"Wa wapi?"

"Wa mji wa mimba."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile nilipomshika."

Polikarp akainuka akaingia ndani, akafunga mlango. Hakuna aliyemwita. Mama Lidwina akachukua jembe, akaenda kwenye migomba, akachimba mwenyewe. Jirani mmoja alitaka kumpokea jembe, akakataa. Alizika, akashindilia udongo kwa viganja. Jane ndiye aliyemmiminia maji ya kunawa, na akiwa anammiminia akamuuliza, "Bibi, kwa hiyo mama alikuwa anaumwa?"

"Alikuwa anaumwa," Mama Lidwina akajibu.

Kesho yake nilikuwa nimeegemea mto wodini, mshono unawaka, nikaona sare ya shule mlangoni. Jane alikuwa ameshika chupa ya uji. Alisimama pale mpaka nesi akamwambia aingie au atoke.

"Shikamoo, mama."

Shikamoo hiyo nilikuwa nimeingoja zaidi ya mwaka. Nikaitikia kwa kichwa. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Panauma wapi?"

Nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya shuka, mbali na mshono. Nikamwambia mji wa mimba uko hapa chini ya kitovu, nyuma ya kibofu, ukubwa wake wa kawaida ni kama pera dogo, na mle ndimo alimokaa yeye. Nikamwambia arudie. Mama wa kitanda cha jirani akajifunika shuka kichwani kwa aibu. Jane alirudia yote, bila kukosea, na kwa sauti.

Hapo ningeweza kuishia kama ningekuwa mtu wa moyo mwepesi. Sina moyo huo. Polikarp alikuja mara mbili na baba mdogo kuniomba nirudi, nikawauliza yule mwanamke aliyemweka ndani miezi mitatu baada ya kunifukuza atalala wapi, wakaangaliana. Sikurudi. Jane alihamia kwangu, na sasa yuko kidato cha nne. Mama Lidwina hakuja. Alilitaja neno mbele ya ndoo, lakini mbele yangu hakutaja chochote, na miaka sita tulikuwa tukikutana kanisani akiangalia altare na mimi nikiangalia altare.

Chiku alikuwa amekwisha kunifundisha mikono. Vidole vyake vilianza kuota vinundu kwenye vifundo, asubuhi haviwezi kukunjika, kwa hiyo mimi nikawa nakanda na yeye amekaa kwenye kigoda ananisahihisha. Mafindofindo ya watoto, mtoki wa kinenani, kichwa cha mfupa wa paja kinavyokaa kwenye kikombe cha nyonga. Na kila Oktoba, msimu wa korosho, alikwenda Namasakata kwa ndugu zake, akaniachia mkeka.

Oktoba iliyopita nilikuwa peke yangu barazani, nikaona mtu anakuja taratibu, amejifunga kitenge shingoni jua limewaka. Nilimjua kabla sijaona uso.

"Chiku yupo?"

"Amekwenda Tunduru. Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akasimama. Akameza mate, na niliona kumeza kwenyewe kunamtesa. "Atarudi lini?"

"Mwezi wa kumi na mbili."

Halafu akavua viatu akakaa kwenye mkeka, akaanza kufungua kitenge. Fundo likamshinda, nikamfungulia. Miaka yote ile niliyoishi naye sikuwahi kuiona shingo yake. Chini ya koo kulikuwa na kitu cha mviringo, kikubwa kama ngumi ya mwanamume, ngozi yake imenyooka inang'aa.

Majengo walikuwa wameanza kukiona kwa pembeni ya kitenge, na walikuwa na maneno yao. Walisema ni uongo alionisingizia ndio umemkaba kooni. Mimi nilikuwa nimeyasikia maneno hayo sokoni, na nilikuwa nimeyafurahia. Sitadanganya. Niliyapeleka nyumbani nikayachekea peke yangu. Na sasa mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu, ananitazama, anangoja nitakachosema.

"Wanasema nimelaaniwa," akasema. "Ni kweli, mama Jane? Wewe ungejua."

Uani Jane alikuwa anafua. Nikasikia maji yameacha kumwagika.

Nilipasha mikono moto kwa kuisugua. Nikakaa nyuma yake kama Chiku anavyofanya, nikapitisha vidole mbele ya shingo yake, pole pole, kulia na kushoto. Kilikuwa laini upande mmoja, upande wa pili kina kinundu kigumu kama njugu mawe.

"Hili ni rovu, mama," nikamwambia. "Ni tezi la shingo limevimba. Watu wengi wa milimani wanalo. Si laana. Utakwenda kwa daktari na utamtajia hivyohivyo. Sema."

"Rovu."

"La wapi?"

"La tezi la shingo."

"Sasa meza mate nione linavyokwenda."

Akameza. Likapanda, likashuka, chini ya vidole vyangu.